Gari la Sentimita 17: Safari Rally na Watu Wasiokuwemo Sandukuni

Kwa miezi minne mwaka jana, kila jioni nilipomaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, niliketi kwenye meza ya chakula nikiunda gari. Si gari la kupanda. Ni modeli ya plastiki ya Datsun 240Z, gari la michezo lililoshinda East African Safari Rally ya mwaka 1971, iliyopunguzwa kwa skeli ya 1/24. Ilipokamilika ilikuwa na urefu wa sentimita 17. Wenzangu idarani walicheka sana. Mmoja aliniuliza kama shahada ya uzamivu ndiyo humrudisha mtu mzima kwenye michezo ya watoto. Nilimjibu kwamba kazi ya mwanahistoria nayo ni kupunguza: huchukua miaka ishirini ya maisha ya mamilioni ya watu, akaiweka katika kurasa mia tatu.

Jibu lile lilikuwa la kujitetea tu. Lakini kadiri kazi ilivyosonga mbele, niliona kwamba lilikuwa na ukweli kuliko nilivyokusudia. Makala haya yanahusu ukweli huo: nini tunakibakiza tunapoipunguza historia, na nani tunamwacha nje.

Gari na sanduku lake

Tuanze na gari lenyewe. Kampuni ya Nissan ililizindua nchini Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na katika masoko ya nje likajulikana kama Datsun 240Z. Namba hiyo ilitokana na injini yake ya lita 2.4, yenye silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja. Lilikuwa na milango miwili, viti viwili, boneti ndefu na mgongo unaoteremka hadi nyuma. Soko lililokusudiwa hasa lilikuwa Marekani, ambako Yutaka Katayama, aliyeongoza shughuli za Nissan huko, alikuwa akiishinikiza kampuni yake itengeneze gari la michezo ambalo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kulinunua. Kwa maneno mengine, ni gari lililobuniwa kwa ajili ya barabara za lami za California, wala si kwa tope la Afrika Mashariki wakati wa masika.

Hata hivyo, ni tope hilo lililolipa heshima. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1971, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na msoma ramani wake Hans Schüller, walishika nafasi ya kwanza wakiwa na 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 milangoni. Nafasi ya pili ilichukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka uliotangulia, Herrmann na Schüller walikuwa wameshinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, safari hii akiwa na Lofty Drews, tena kwa 240Z. Gari la ushindi wa 1971 lipo hadi leo katika mkusanyo wa magari ya kihistoria ya Nissan huko Zama, Japani.

Ushindi huo ulikuwa na maana kubwa kwa Wajapani kuliko tunavyokumbuka. Nissan ilikuwa ikileta magari katika Safari tangu mwaka 1963, zama ambazo bidhaa za Kijapani zilikuwa bado zikidharauliwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1969 Japani ilitengeneza hata filamu ya sinema juu ya mashindano hayo, ikiongozwa na Koreyoshi Kurahara, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Yujiro Ishihara, nyota mkubwa wa zama zake. Barabara zetu zilikuwa maabara ya kujaribia vyuma vya watu na, wakati huohuo, ubao wa kubandikia matangazo yao. Gari lililovuka mito yetu likiwa zima liliweza kuuzwa popote duniani.

Sanduku la modeli nililetewa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyekwenda kusoma Japani. Limetengenezwa katika mkoa wa Shizuoka, ambao ndio makao ya viwanda vikubwa vya modeli za plastiki nchini humo. Baadhi ya viwanda hivyo vilianza na mbao: Tamiya, mathalani, ilianzishwa mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikaingia katika modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, ya manowari Yamato. Ndani ya sanduku langu kulikuwa na fremu za plastiki zenye vipande vidogo vilivyoshikana kama matunda kwenye kikonyo, vioo vya plastiki angavu, matairi manne ya mpira laini, karatasi ya maandishi ya kubandika kwa maji, na kitabu cha maelekezo. Majina ya dereva na msoma ramani yalikuwemo katika karatasi ile, kwa herufi ndogo kama yai la chawa.

Sherehe ya malkia katika nchi ya hali ya hatari

Kabla ya kushika kisu na gundi nilijiwekea sharti: sitaunda gari ambalo sijui lilitoka katika historia gani. Nikarudi mwanzo wa mashindano yenyewe.

Mwanzo huo ni mwishoni mwa Mei 1953. Mashindano yaliitwa East African Coronation Safari, nayo yaliandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Msomaji na alitazame jambo hilo kwa macho ya mwaka ule. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwezi Aprili 1953, wiki chache tu kabla ya magari kuondoka Nairobi, Jomo Kenyatta na wenzake watano walikuwa wamehukumiwa kule Kapenguria. Serikali ilikuwa ikiwakamata watu kwa maelfu na kuwawekea mipaka ya wapi wanaweza kwenda. Katika nchi hiyohiyo, kundi la walowezi lilijipa burudani ya kuendesha magari kwa maelfu ya kilomita bila kuulizwa waendako. Uhuru wa kutembea ulikuwa jambo ambalo baadhi ya watu walifungwa kwa kulidai, na baadhi waliufanya mchezo.

Ukoloni ukaondoka, mchezo ukabaki. Mwaka 1960 neno la kutawazwa liliondolewa katika jina, na dola tatu mpya zikayarithi mashindano kama zilivyorithi reli, posta na bandari. Urithi huo haukuwa wa aibu peke yake. Katika miaka ya sitini mashindano yaliziunganisha nchi tatu katika msururu mmoja wa vumbi, na redio ziliwafanya watu wa Kampala wajue hali ya matope ya Tanganyika. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo. Dereva kutoka kwetu Tanzania, Bert Shankland, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Hadi mwaka 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort, hakuna dereva mgeni kutoka ng'ambo aliyewahi kuwashinda wenyeji. Watu waliona fahari, hata pale ambapo neno wenyeji lilikuwa na maana finyu: majina yote ya washindi wa miaka ile ni ya Wazungu na Waasia.

Historia ya 240Z yenyewe imefumwa ndani ya siasa za zama hizo. Januari 1971, miezi isiyofika mitatu kabla ya ushindi wa Herrmann, Idi Amin alimpindua Milton Obote. Mwalimu Nyerere akakataa kumtambua. Agosti 1972 Amin akaamuru Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa mmoja wa watu walioikosa nchi yao kwa amri ile, akahamia Kenya. Kwa hiyo aliyeshinda mwaka 1973 alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao mwaka uliopita. Ushindi wake ulikuwa mwembamba kuliko yote: alilingana alama na Harry Källström wa Sweden, akapewa nafasi ya kwanza kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Jina la East African Safari Rally lenyewe lilikoma mwaka 1974. Kuanzia hapo yakawa Safari Rally tu, mashindano ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Barabara zetu zilitangulia kuachana kabla ya serikali kutia saini.

Hayo yote hayamo katika kitabu cha maelekezo. Kitabu kinasema rangi nyekundu iwe ya aina gani na namba 11 ibandikwe wapi.

Vumbi halikubali skeli

Sasa niseme kidogo juu ya kazi ya mikono, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha ninachotaka kukisema.

Skeli ya 1/24 ilitokana na vipimo vya Kiingereza: nusu inchi ya modeli husimama badala ya futi moja ya kitu halisi. Gari la 240Z lina urefu wa milimita 4,115. Gawanya kwa 24 upate milimita 171 na nusu. Hadi hapo hesabu ni rahisi. Lakini urefu ukipungua mara 24, ujazo hupungua mara 24 kwa 24 kwa 24, yaani mara 13,824. Gari la kilo elfu moja, likipunguzwa kwa haki kila upande, lingekuwa na uzito wa gramu 72 hivi. Na vipo vitu ambavyo havipungui kabisa. Utando wa rangi wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na rangi ya milimita 2.4 kwenye gari halisi. Ndiyo maana ukipaka kwa pupa, mistari ya milango inafunikwa na gari linafanana na sabuni iliyotumika.

Hatua zenyewe zinadai subira. Vipande huoshwa kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Kila kipande hukatwa kwa koleo dogo, kisha husuguliwa kwa msasa hadi kovu la fremu litoweke. Hujaribiwa bila gundi kwanza, kwa kuwa gundi ya plastiki huyeyusha na haina msamaha. Mwili wa gari hupakwa rangi ya msingi, husuguliwa kwa msasa laini wenye maji, ndipo nyekundu ifuate kwa tabaka nyepesi, kila moja ikiachwa ikauke. Boneti nyeusi haitakiwi kung'aa, hivyo sehemu nyekundu hufunikwa kwa gundi ya karatasi. Maandishi huloweshwa, huteleza juu ya maji, hukaa mahali pake, kisha hukandamizwa kwa kitambaa kibichi. Namba 11 ya mlango wa kushoto niliiharibu mara ya kwanza kwa kuiharakisha. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha saa tano.

Mwishoni nilitaka kuweka tope. Gari safi la Safari ni uongo, nikajiambia. Na kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Usambara, milima ambayo mashindano hayo yaliipita katika zama zake, nilichukua udongo mwekundu wa nyumbani, nikauanika, nikauchekecha kwa kitambaa na kuunyunyizia kwenye vizuia tope vya magurudumu. Matokeo yalikuwa mabaya. Chembe ya mchanga yenye nusu milimita, ukiizidisha mara 24, inakuwa jiwe la milimita 12. Gari langu lilionekana kama limemwagiwa kokoto. Ilinibidi niuoshe udongo wote, niusage upya hadi uwe laini kama poda ya mtoto, na hata hivyo nikachanganya na rangi ya dukani ili ufanane na udongo. Udongo halisi wa mahali halisi ulikataa kuingia katika modeli. Kilichokubali ni mfano wa udongo.

Nililiwaza jambo hilo kwa siku kadhaa. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaijua aina nyingine ya modeli: ile inayowekwa mezani ndani ya kioo, siku ya kuweka jiwe la msingi. Daraja, stendi, soko jipya. Miti yake ya kijani haikauki, magari yake hayasongamani, na watu wake, kama wamo, ni vijiti vyeupe visivyo na sura. Hakuna modeli ya soko niliyowahi kuiona ikiwa na mama aliyetandika nyanya chini kwa kukosa kizimba. Mwaka huohuo wa 1973, Mehta aliposhinda, serikali yetu iliamua kwamba watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vilivyopangwa ifikapo mwisho wa 1976. Kwenye ramani vijiji vile vilikuwa vizuri. Aliyeishi katika mchoro hakulalamika. Aliyehamishwa akaacha shamba lake ndiye aliyekuwa na la kusema. Sidai kwamba mipango haina haja ya ramani, kama nisivyodai kwamba historia haina haja ya muhtasari. Nasema tu kwamba anayepunguza ana wajibu wa kujua ni kitu gani kimekataa kupungua.

Peugeot la baba

Modeli ilipokamilika niliifunga ndani ya sanduku lenye pamba, nikaipeleka nyumbani kwa baba. Baba yangu alikuwa mtoto wa shule ya msingi miaka ya sitini inaishia, na tangu utotoni mwangu amekuwa akitusimulia jinsi yeye na wanakijiji wenzake walivyolisukuma gari la mashindano lililonasa kwenye kona ya matope, likielekea bondeni. Ilikuwa ngano ya familia. Niliamini kwamba ninamletea zawadi itakayomtoa machozi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ni nini?"

Nikamweleza. Aliishika modeli kwa vidole viwili, akaigeuza, akaitazama tumboni kama anayekagua kuku wa mnadani.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini si hili. Lile tulilolisukuma sisi lilikuwa Peugeot. Jeupe, ila udongo ulikuwa umeligeuza jekundu. Na halikushinda. Tulisikiliza redio mpaka mwisho, halikutajwa."

Nikamwuliza namba yake. Hakuikumbuka. Nikamwuliza dereva. "Wazungu wawili. Mmoja alikuwa akilia." Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Hao waliolitengeneza hili, wameweka na wasukumaji?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza iwapo sanduku la vyombo limekuja na mfuniko.

Jioni ile nilifanya nilichopaswa kukifanya miaka ishirini iliyopita, nilipoanza kuandika tasnifu yangu kwa kusafiri mbali kutafuta nyaraka. Nilichukua daftari nikamhoji baba yangu. Nilipata habari hizi. Watu walikuwa kama kumi na tano. Kamba ilikuwa ya katani, imetoka kwa jirani aliyewahi kufanya kazi katika shamba la mkonge huko bondeni karibu na Mombo. Wanawake wawili walikata majani ya migomba wakayasukumiza chini ya matairi, na baba anasisitiza kwamba majani ndiyo yaliyolitoa gari, si nguvu za wanaume. Ilichukua muda wa kutosha ubwabwa kuiva. Gari lilipotoka, dereva hakusimama, kwa kuwa angesimama angenasa tena. Msoma ramani alitupa dirishani pakiti moja ya biskuti. Watoto waligawana. Baba alipata biskuti moja na nusu, na hiyo nusu anaikumbuka aligombania na nani.

Alinitajia majina tisa kati ya wale kumi na tano. Sitayaandika hapa, kwa kuwa sijaomba ruhusa ya familia zao. Kati ya hao tisa, wawili wangali hai.

Kesho yake nilikwenda kwa mmoja wao, bibi ambaye siku ile alikuwa mama kijana, na ambaye shamba lake lilipakana na kona ile. Nilimsalimu, nikamweleza shida yangu, nikamwonesha modeli. Hakuigusa.

"Mama, unakumbuka lilikuwa gari la rangi gani?"

"Rangi sijui, mwanangu. Lilipita juu ya maharage yangu."

Kwa mujibu wake, gari halikunasa barabarani. Dereva alikwepa dimbwi, akaingia shambani, akanasa kwenye matuta. Maharage yalikuwa yameanza kutambaa. Waliokuja kusukuma wakayakanyaga yaliyobaki. Siku chache baadaye alikwenda kwa mkubwa mmoja wa eneo hilo kuuliza atalipwa na nani. Aliambiwa asubiri, mashindano yakiisha wenyewe watakuja. "Nikasubiri," akasema, kisha akabadilisha mazungumzo, akaniuliza watoto wangu wako darasa la ngapi.

Nilipomsimulia baba, alinyamaza kidogo. "Ni kweli," akasema. "Yale maharage. Sisi tulikuwa watoto, tuliona gari tu."

Historia ya washindi na kazi iliyobaki

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kosa langu. Nilikuwa nimekwenda kwa baba na gari la mshindi, kwa sababu gari la mshindi ndilo linalouzwa sandukuni. Hakuna kiwanda kitakachotengeneza modeli ya Peugeot lisilotajwa redioni, na sikilaumu kiwanda. Kazi yake ni kuuza. Lakini mimi si kiwanda. Taaluma yangu inalipwa na kodi ya watu kama yule bibi, nami nilikuwa nimeyapokea majina mawili yaliyochapwa katika karatasi ya maandishi ya kubandika kana kwamba ndiyo orodha kamili ya walioifanya Safari.

Hata simulizi ya baba, niliyoipenda tangu utoto, nayo ilikuwa modeli. Ilibakiza kamba, msukumo na biskuti, ikaacha maharage. Haikuwa uongo. Ilikuwa skeli ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Simulizi za wanyonge nazo hupunguza. Nazo zina mshindi wake na mtu wake aliyeachwa pembeni. Wanaharakati wenzangu, ambao hupenda kusema kwamba tukiwasikiliza wananchi tutaupata ukweli, wanapaswa kulitafakari hili. Wananchi si sauti moja. Katika kona moja ya matope, mbele ya gari moja, aliyesukuma na aliyepoteza shamba walikuwa na historia mbili, na ilinibidi nitembee nyumba ya pili ili niijue ya pili.

Nilifikiri kuitengenezea modeli kitako chenye barabara ya Usambara, matuta yaliyobomoka na majani ya migomba. Ingependeza. Nikaacha, kwa sababu ingekuwa uongo: gari namba 11 halikupita juu ya maharage ya yule bibi. Siwezi kuisahihisha dhuluma ya kumsahau mtu kwa kumwingiza katika hadithi isiyokuwa yake. Modeli iko ofisini kwangu juu ya rafu, ikiwa na vumbi lake la kutengeneza. Pembeni yake kuna bahasha yenye kurasa sita: simulizi ya baba, simulizi ya bibi, mchoro wa ile kona alionichorea baba kwa mkono wake, na tarehe niliyowahoji. Nakala nimeiweka katika maktaba ya chuo. Mwanafunzi akija na kulisifu gari, humpa bahasha kwanza.

Safari Rally ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, na kila mwaka picha zake hupendeza. Nawatakia heri. Lakini watu walioyaona mashindano ya nchi tatu, wakiwa na umri wa kukumbuka, sasa wana umri mkubwa. Ukiwa mwanafunzi unayerudi nyumbani likizo hii, na njia ile ilipita karibu na kwenu, nenda na daftari. Usiulize nani alishinda, hilo limeandikwa. Uliza gari lilinasa wapi, nani alileta kamba, shamba lilikuwa la nani, na kama alilipwa. Kisha nenda nyumba ya pili ukaulize tena.

Na ukiwa mtumishi wa umma mwenye kabati la mafaili ya wilaya ya miaka ile, lifungue kabla mchwa hawajamaliza. Huenda ndani yake kuna barua ya mkulima anayeuliza ni nani atakayemlipa maharage yake. Yule bibi anakumbuka kwamba aliambiwa jambo lake limeandikwa.